Mwale wa leza unaohesabu damu yako

Huenda umewahi kutoka kwenye maabara mjini Nakuru ukiwa na karatasi iliyojaa tarakimu, baadhi zikiwa na herufi H kando yake na nyingine L. Ulikuwa na homa au uchovu, ukatolewa damu kidogo mkononi, na baada ya muda mfupi mashine ikatoa majibu. Ukiwa kwenye matatu ya kurudi nyumbani ukaisoma karatasi hiyo na moyo ukaanza kudunda. "Chembe nyeupe ziko chini! Je, ni ukimwi? Za kugandisha damu ni chache! Je, ni kansa?"

Kipimo hicho huitwa hemogramu kamili, na ni miongoni mwa vipimo vinavyofanywa sana katika hospitali zetu. Wengi hukilipia, lakini ni wachache wanaoelezwa mashine inafanya nini hasa na ile damu. Ni vizuri kufahamu, kwa sababu anayejua mashine inaona nini na haioni nini hatatishwa bure na herufi moja, wala hatauziwa dawa asiyoihitaji.

Mashine nyingi kubwa za kisasa hazigusi chembe za damu. Huzimulika kwa mwale mwembamba wa leza, kisha hutazama jinsi mwanga unavyotawanyika.

Ukungu wa Timboroa na vumbi la Nakuru

Kutawanyika kwa mwanga si jambo geni kwako. Ukisafiri usiku kutoka Nakuru kwenda Eldoret, ukifika Mau Summit na Timboroa mara nyingi utakuta ukungu mzito. Dereva mgeni huwasha taa za mbali akidhani ataona vizuri zaidi, kumbe anajipofusha kwa ukuta mweupe ulio mbele yake. Ukungu ni matone madogo sana ya maji, kila moja likiwa na umbo la mpira. Mwanga ukiyagonga matone hayo hutupwa huku na huku, na sehemu yake humrudia dereva machoni. Mwenye uzoefu hutumia taa za chini na kupunguza mwendo.

Mfano wa pili ni vumbi, nasi wa Nakuru hatuhitaji kufundishwa vumbi ni nini. Wengi husema kwamba hata jina la mji wetu lilitokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi. Endesha gari jioni kuelekea Njoro, jua likizama mbele yako, na kioo cha gari hakijafutwa. Kioo chote kitang'aa hata usione barabara. Geuza gari urudi mjini, jua likiwa mgongoni, na kioo kile kile kitaonekana kuwa na uchafu kidogo tu. Vumbi halijabadilika. Kilichobadilika ni upande unaolitazama.

Kioo hicho kinatufundisha kanuni muhimu: punje iliyo kubwa kuliko mawimbi ya mwanga hutupa sehemu kubwa ya mwanga mbele, kuelekea kule mwanga ulikokuwa ukienda, na kidogo tu kando na nyuma. Punje iliyo ndogo mno kuliko mawimbi ya mwanga hutupa mwanga pande zote. Kwa hivyo, mtu anayepima mwanga unaotoka mbele ya punje na ule unaotoka kando yake anaweza kukadiria punje hiyo ni kubwa kiasi gani hata kama haioni kwa macho.

Hesabu za kazi hii zilifanywa zamani. Ludvig Lorenz, mwanasayansi wa Denmark, aliziandika mwaka wa 1890. Mwaka wa 1908 Mjerumani Gustav Mie akaziandika upya alipokuwa akichunguza ni kwa nini maji yenye punje ndogo sana za dhahabu huwa na rangi mbalimbali. Mie alichagua punje zenye umbo la mpira kwa sababu mpira unafanana pande zote. Hata ukiugeuza, mwanga hutawanyika vivyo hivyo. Hesabu zake hueleza mwanga kiasi gani utakwenda upande upi ukijua ukubwa wa mpira na kitu kilichoufanya. Hakuwa akifikiria hospitali, lakini hesabu zizo hizo ndizo zinazotumiwa leo kusoma damu.

Foleni ya ng'ombe kwenye josho

Kijitone cha damu chenye urefu, upana na kimo cha milimita moja huwa na chembe nyekundu kati ya milioni nne na sita hivi, chembe nyeupe kati ya 4,000 na 11,000, na chembe za kugandisha damu kati ya 150,000 na 450,000. Chembe nyekundu ina upana wa maikromita 7 hadi 8, na maikromita moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Chembe ya kugandisha damu ina maikromita 2 au 3 tu. Mawimbi ya leza nyekundu iliyotumika katika mashine nyingi za mwanzo yana urefu wa maikromita 0.63. Kwa hivyo chembe nyekundu ni kubwa kuliko wimbi la mwanga kwa zaidi ya mara kumi, na mwanga mwingi huielekea mbele kama ilivyo kwa vumbi la kwenye kioo.

Shida ya kwanza ni kuzipitisha chembe hizo moja moja. Mfugaji wa Rongai au Subukia anajua kwamba ng'ombe wakiwa wamesongamana zizini hawahesabiki. Huwapitisha kwenye kijia chembamba cha josho, mmoja nyuma ya mwingine. Mashine hufanya hivyo hivyo. Damu huchanganywa na maji maalumu ili ipungue uzito, kisha husukumwa kupitia mfereji mwembamba sana. Chembe hupita mbele ya leza zikiwa kwenye foleni, maelfu kwa kila sekunde. Kila inayopita hutoa mmweko mmoja wa mwanga, nao mmweko huo hunaswa na kuhesabiwa. Mtaalamu wa maabara anayetumia hadubini kwa kawaida huzitofautisha chembe nyeupe 100 tu, kwani jicho la binadamu huchoka.

Shida ya pili inatokana na mwale wenyewe. Ili mwale umulike chembe moja tu kwa wakati mmoja, lazima ukusanywe kwa lenzi uwe mwembamba sana. Lakini mwale uliokusanywa namna hiyo hauna nguvu sawa kila mahali. Ni kama tochi unayoielekeza ukutani usiku: katikati huwa na mwanga mkali, na pembeni huwa hafifu. Chembe ikipita katikati hutoa mmweko mkubwa. Chembe yenye ukubwa ule ule ikipita pembeni hutoa mmweko mdogo, na mashine hudhani ni chembe ndogo. Hesabu za Mie zilichukulia kwamba mwanga unaigonga punje sawasawa kutoka upande mmoja, kama mwanga wa jua. Ilibidi kusubiri hadi miaka ya 1980 kwa Gérard Gouesbet na wenzake huko Ufaransa kuzipanua hesabu hizo ili zifae mwale uliokusanywa kwa lenzi, pamoja na punje isiyopita katikati yake.

Katika maabara, dawa ya tatizo hili ni maji. Mwaka wa 1953 Crosland-Taylor wa London alionyesha kwamba damu ikipitishwa ndani ya mkondo wa maji safi yanayokwenda kasi kuizunguka, uzi wa damu hubanwa ukawa mwembamba na kubaki katikati daima. Mbinu hiyo bado inatumika. Lakini mapovu ya hewa yakiingia, au mfereji ukishika uchafu, uzi huo huyumba, chembe hupita pembeni mwa mwale, na tarakimu huharibika ingawa mashine inaendelea kuchapisha karatasi kama kawaida. Ndiyo maana maabara nzuri hupima kwanza, kila asubuhi, damu maalumu ambayo majibu yake yanajulikana tayari. Majibu yakitofautiana na yale yanayotarajiwa, mashine hurekebishwa kabla ya kupima damu ya mgonjwa yeyote.

Sahani inageuzwa kuwa mpira

Chembe nyekundu ina kasoro moja machoni pa Mie: si mpira. Ina umbo la sahani yenye bonde katikati. Chukua sahani uishike mbele ya taa. Ukiielekeza uso wake kwenye taa hutupa kivuli kikubwa, lakini ukiigeuza ukingo, kivuli chake huwa mstari tu. Chembe nyekundu hujigeuza-geuza zikipita kwenye mfereji, kwa hivyo chembe mbili zinazolingana kabisa zinaweza kutoa mimweko tofauti.

Mwaka wa 1983 watafiti wawili nchini Marekani, Kim na Ornstein, walitangaza ufumbuzi wake. Walipata mchanganyiko wa dawa unaoifanya chembe nyekundu ijikunje iwe mpira bila kuongezeka wala kupungua ujazo. Baada ya hapo haidhuru imegeukia wapi, na hesabu za mwaka wa 1908 zinaifaa kikamilifu.

Lakini lilibaki swali jingine. Chembe kubwa iliyopauka inaweza kutawanya mwanga mbele sawa na chembe ndogo iliyojaa hemoglobini, ile rangi nyekundu inayobeba hewa safi mwilini. Utazitofautisha vipi? Jibu, lililochapishwa mwaka wa 1985, lilikuwa ni kupima mwanga katika pembe mbili kwa mara moja: ile iliyo karibu sana na njia ya mwale, na nyingine iliyo mbali nayo kidogo. Ni kama kuuliza mashahidi wawili. Pembe ya kwanza hueleza zaidi ukubwa wa chembe, nayo ya pili hueleza zaidi kilicho ndani yake. Kwa majibu hayo mawili mashine hupata ukubwa wa kila chembe na wingi wa hemoglobini yake.

Habari hii humsaidia sana mgonjwa. Tuseme mama mjamzito kutoka Kaptembwo anakuja akiwa na kizunguzungu na uchovu, na hemoglobini yake ni ya chini. Kumwambia "una upungufu wa damu" ni nusu ya kazi. Chembe zake zikiwa ndogo na zimepauka, mara nyingi anakosa madini ya chuma, na daktari atauliza juu ya chakula, hedhi nzito za awali na minyoo. Chembe zikiwa kubwa kuliko kawaida, huenda anakosa foliki asidi au vitamini B12. Na zikiwa na ukubwa wa kawaida, huenda kuna ugonjwa mwingine uliofichika, kama wa figo. Huo ni upungufu wa damu wa namna tatu, na kila namna ina tiba yake. Kumpa kila mtu dawa ile ile ya kuongeza damu ni kubahatisha.

Chembe nyeupe hujitambulisha

Kwa chembe nyeupe, mashine huziyeyusha kwanza zile nyekundu kwa dawa ili zisizibe njia, kisha hupima mwanga wa mbele na ule wa kando. Mwanga wa mbele hueleza ukubwa. Ule wa kando hueleza kama ndani ya chembe mmejaa vitu au ni tupu.

Nyutrofili, yaani askari wa kupambana na bakteria, wamejaa punje ndogo ndogo na kiini chao kimegawanyika vipande. Mwanga ukiingia humo hutawanyika sana kando, kama tochi ikimulika gunia la mahindi kupitia tundu. Limfosaiti, ambazo hushughulika zaidi na virusi na kukumbuka magonjwa ya awali, ni ndogo, za mviringo na safi ndani, kwa hivyo hutawanya mwanga kidogo kando. Monosaiti ni kubwa lakini hazina punje nyingi. Eosinofili huongezeka mtu akiwa na minyoo, pumu au mizio. Basofili ni chache sana.

Hapa pana jambo unaloweza kulikagua mwenyewe. Mashine ndogo zinazopatikana katika kliniki nyingi hazitumii leza bali umeme: kila chembe inayopita kwenye tundu huzuia umeme kidogo, na mashine hupima kizuizi hicho. Ni mashine nzuri kwa kuhesabu, lakini kwa kawaida huzigawa chembe nyeupe katika makundi matatu tu. Mashine ya leza huzigawa katika makundi matano. Ukiona karatasi yako ina makundi matatu, usitarajie ikueleze habari za mizio au minyoo.

Vitu vinavyoudanganya mwanga

Mwanga hausemi uongo, lakini hauna akili. Hutawanyika kwa chochote kilicho mbele yake, na mashine huona mimweko tu. Daktari na mtaalamu wa maabara ndio wanaopaswa kujua ni wakati gani mmweko si kile unachodhaniwa kuwa.

Mfano unaowatisha watu zaidi ni wa chembe za kugandisha damu. Damu ya hemogramu hutiwa kwenye chupa ndogo yenye kifuniko cha zambarau, ambayo ina dawa ya kuizuia isigande. Kwa watu wachache, dawa hiyo hiyo huzifanya chembe za kugandisha damu zishikane vikundi ndani ya chupa. Mashine huona kikundi kizima kama chembe moja, au hata huihesabu kuwa chembe nyeupe. Karatasi huonyesha chembe 60,000 badala ya 200,000, ilhali mwenye damu ni mzima, hatoki damu puani wala kwenye ufizi. Kabla ya mtu kama huyo kuambiwa ana ugonjwa wa damu, tone la damu yake litandazwe kwenye kioo na kutazamwa kwa hadubini. Vikundi vikionekana, damu itolewe upya kwenye chupa yenye dawa tofauti.

Mfano wa pili ni mafuta. Mtu mwenye mafuta mengi sana katika damu huwa na majimaji ya damu meupe kama maziwa. Vijitone hivyo vya mafuta hutawanya mwanga kwa namna ile ile ya ukungu wa Timboroa, na hemoglobini huonekana kuwa juu kuliko ilivyo.

Mfano wa tatu ni wa watoto wachanga na wagonjwa wa selimundu. Baadhi ya chembe nyekundu zao hukataa kuyeyuka, na zinaweza kuhesabiwa kama chembe nyeupe. Mtoto mchanga mwenye chembe nyeupe nyingi kupita kiasi hapaswi kuanzishiwa dawa kwa sababu ya tarakimu hiyo peke yake.

Mfano wa nne ni kuchelewa. Damu iliyotolewa asubuhi katika zahanati ya mashambani, ikakaa juani ikingoja pikipiki, kisha ikapimwa mjini kesho yake, si damu ile tena. Chembe nyekundu huvimba na chembe nyeupe huanza kuharibika. Damu inafaa kupimwa ndani ya saa chache. Ikilazimu isafirishwe, iwekwe mahali penye baridi pasipogandisha.

Viwango vya nani?

Herufi H na L hutokana na viwango vilivyowekwa ndani ya mashine. Mashine inaponunuliwa, mara nyingi viwango hivyo huwa vya watu wa Ulaya au Marekani. Je, vinatufaa?

Mwaka wa 2008 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa miongoni mwa watu wazima wenye afya nzuri huko Kericho, jirani zetu. Ilionekana kwamba viwango vyao kadhaa vinatofautiana na vile vya Marekani. Tofauti inayojulikana zaidi barani Afrika ni ya nyutrofili. Watu wengi wenye asili ya Afrika wana nyutrofili chache katika damu inayozunguka, 1,500 au hata chini ya hapo kidogo, na wala si wagonjwa. Mashine yenye viwango vya Ulaya itaandika L.

Sababu yake ni ya kale. Wengi wetu hatuna alama fulani juu ya chembe nyekundu inayoitwa Duffy. Mwaka wa 1976 ilibainika kwamba vimelea vya aina moja ya malaria, vivax, huitumia alama hiyo kama mlango wa kuingilia. Mababu waliokosa mlango huo walinusurika, wakatuachia urithi huo. Miaka mingi baadaye watafiti waligundua kwamba urithi huo ndio unaofanya nyutrofili ziwe chache katika damu. Kwa hivyo, kile ambacho mashine inakiita upungufu kinaweza kuwa ngao uliyoachiwa na mababu.

Jambo hili lina uzito. Mgonjwa wa kansa anaweza kucheleweshewa dawa kwa sababu ya L hiyo. Kijana anayetafuta kazi anaweza kurudishwa nyumbani. Na wapo wanaodhani kwamba chembe nyeupe chache ni sawa na ukimwi. La hasha! Hemogramu haiwezi kupima virusi vya ukimwi. Vina kipimo chake maalumu.

Mwinuko nao una neno. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, nayo Molo iko juu zaidi. Hewa ikiwa hafifu, mwili hutengeneza hemoglobini zaidi, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani huagiza viwango virekebishwe kulingana na mwinuko. Tarakimu inayomtosha mkazi wa Mombasa inaweza kuwa dalili ya upungufu kwa mkazi wa Molo, hata kama mashine haikuandika L.

Malaria, homa ya matumbo na CD4

Wasomaji wengi huuliza kama hemogramu inaonyesha malaria. Ni kweli kwamba chembe za kugandisha damu hupungua mara nyingi mtu akiwa na malaria. Ni kweli pia kwamba vimelea vya malaria huacha ndani ya chembe nyeupe vipande vidogo vya rangi nyeusi ambavyo huugeuza mwanga kwa namna ya pekee, na kuna mashine za leza zilizowahi kugundua malaria kwa njia hiyo pasipo kutarajiwa. Lakini hizo ni fununu tu. Ushahidi ni hadubini au kile kipimo cha haraka cha tone la damu ya kidoleni. Tangu mwaka wa 2010 Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kutibiwa. Hapa Nakuru malaria si nyingi kama ilivyo Busia, Kisumu au hata Marigat. Ikiwa umetoka huko karibuni na una homa, mwambie daktari mara moja bila kungoja akuulize.

Homa ya matumbo, yaani taifodi, nayo haisomeki kwenye hemogramu. Chembe nyeupe zinaweza kupungua, kubaki sawa au kupanda. Kipimo cha kutegemewa ni kuotesha bakteria kutoka kwenye damu. Anayekuambia una taifodi kwa kutazama karatasi ya hemogramu anabahatisha, na gharama ya dawa ni yako.

CD4 ni kisa tofauti kidogo. Hizo ni limfosaiti za aina moja, na kwa mwanga uliotawanyika peke yake hazitofautiani na limfosaiti nyingine. Hupakwa rangi maalumu inayong'aa inapopigwa na leza. Kwa miaka mingi wagonjwa wa virusi vya ukimwi walingoja CD4 zishuke hadi kiwango fulani ndipo wapewe dawa. Tangu mwaka wa 2016 Kenya hutoa dawa kwa kila anayepatikana na virusi, bila kungoja. Leo CD4 hupimwa zaidi ili kumtambua mgonjwa aliyedhoofika sana, hasa aliye chini ya 200, ili akingwe dhidi ya kifua kikuu na homa ya uti wa mgongo.

Uulize nini?

Ukipewa karatasi ya hemogramu, usisome herufi peke yake. Muulize daktari maswali haya:

Kwanza, je, tarakimu hii inalingana na ninavyojisikia? Mtu mwenye nguvu anayeambiwa ana hemoglobini ya 5 anastahili kupimwa tena kabla ya kuongezewa damu.

Pili, je, damu yangu imetazamwa pia kwa hadubini? Swali hili ni la lazima ikiwa chembe nyeupe ni nyingi mno au chembe za kugandisha damu ni chache mno. Kansa ya damu haithibitishwi na mashine peke yake.

Tatu, je, viwango vilivyoandikwa hapa vinawafaa watu wa huku na mwinuko huu?

Nne, je, ninazo karatasi za awali za kulinganisha? Mtu ambaye nyutrofili zake zimekuwa 1,400 kwa miaka kumi hana ulinganisho na yule ambaye zimeshuka kutoka 5,000 wiki hii. Kwa hivyo zihifadhi karatasi zako zote ndani ya bahasha moja, na uje nazo kila unapomwona daktari.

Lakini zipo dalili zisizongoja maswali: kutokwa na damu puani au kwenye ufizi bila kukoma, madoa mekundu ya ngozi yanayojitokeza ghafla, homa kali kwa mtu anayetumia dawa za kansa, au mtoto aliyepauka viganja na anahema kwa shida. Huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, awe na karatasi au asiwe nayo.